Kopo la Faluda Kisimani Bongwe

Mliokulia huku kwetu kabla umeme haujapanda njia ya Bongwe mtanielewa upesi, na hawa wengine watafuata taratibu. Sisi tulipokuwa wadogo, joto la kaskazi halikuwa na kitufe cha kubonyeza ukutani. Likija, limekuja. Kuku wanalala chini ya banda la kuni midomo wazi, mchanga wa njia ya madrasa unaunguza mpaka tunarukaruka kutoka kivuli hadi kivuli, na mama zetu wanajifunga leso kifuani na kukataa katakata kusimama mbele ya moto baada ya adhuhuri. Nami, pamoja na jasho lile lote, niliupenda msimu huo kuliko mingine yote, maana moto ukishakataliwa ndipo vitamu vya baridi vinapoanza.

Mnaikumbuka nyama ya dafu? Siyo ile ngumu ya kukuna, naizungumzia ile laini, unayoikomba kwa kijiko kilichochongwa papo hapo kwenye ganda la dafu lenyewe. Unaitia bakulini pamoja na maji yake, unakamua ndimu, unaongeza sukari kidogo, basi, umemaliza kupika. Na matomoko yaliyoiva hadi yanapasuka yenyewe, unayaponda kwa mkono safi, unatoa kokwa, unachanganya na maziwa. Na mabungo! Unapasua lile ganda la manjano, unaziloweka mbegu zake, unazisugua kwa vidole mpaka nyama yote iachie, unachuja, unatia sukari ya kutosha kwa sababu bungo halina huruma na meno. Harufu yake ilikuwa ikitufikia njiani tukitoka shule, tukajua leo kwa nani kuna neema, na ghafla wote tukawa tunapita kumsalimia mwenye nyumba. Sijawahi kuona watoto wenye adabu kama sisi msimu wa mabungo. "Shikamoo!" "Marahaba." "Shikamoo tena!"

Tatizo lilikuwa ubaridi. Upande wetu wote ule palikuwa na friji moja tu, ya mafuta ya taa, ya mwenye duka la barabarani, nayo ilikuwa ya soda na haikukubali wageni. Mtungi wa maji kila nyumba ulikuwepo, lakini mtungi hupoza maji, haupozi faluda. Tulichokuwa nacho ni kisima.

Kisima chetu kilichimbwa na babu zetu ndani ya mwamba wa matumbawe, na ukiinama mdomoni mwake saa saba ya mchana unapigwa usoni na ubaridi mpaka unafumba macho. Maji yake yalinywewa na nyumba zote za upande ule, za waliozaliwa hapo na za waliokuja kutoka bara wakapewa mashamba. Wakati wa kaskazi kila nyumba ilikuwa na kamba yake ya makumbi iliyofungwa kwenye gogo la pale juu. Asubuhi mapema mwanamke anakuja na kopo lake, yale makopo makubwa ya maziwa ya unga ambayo kila nyumba ilikuwa nayo na yote yalikuwa sawasawa. Ndani ametia kitamu chake. Amebana kifuniko, juu ya kifuniko nailoni, juu ya nailoni mpira wa baiskeli uliokatwa ukafungwa mpaka mishipa ya mkono imesimama. Analiteremsha polepole hadi tako la kopo liguse maji, anafunga kamba, anakwenda zake shamba. Likitoka alasiri ni baridi ya kuumiza meno.

Kwa kuwa makopo yalifanana na kamba zilifanana, kila nyumba ilifunga kipande cha leso kuukuu juu ya kamba yake. Chetu kilikuwa cha kijani, cha mwalimu wa madrasa chekundu, cha nyumba ya pili yake kilikuwa kimepauka mpaka hakina jina la rangi, na hiyo ndiyo ikawa alama yake. Hakuna aliyegusa kamba ya mwenzake. Si kwamba watu walikuwa malaika, hapana, kuku walipotea na kesi zilisikilizwa, lakini kopo la kisimani lilikuwa na heshima yake. Sisi watoto tulikaa kando ya kisima tukiangalia vile vitambaa vikipepea na kubishana juu ya kilichomo chini, na huo ulikuwa mchezo mzima wa mchana, bila betri.

Bibi yangu, mama yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba yetu, alikuwa na sheria moja juu ya kopo. Akija mgeni, kopo halifunguliwi jikoni. Linaletwa vilevile na maji yake yakidondoka, mgeni anapewa alishike asikie ubaridi, kisha linafunguliwa mbele yake. Alisema hivyo ndivyo mgeni anavyojua kwamba hakuna aliyetangulia kuonja. Nadhani pia alipenda kuziona nyuso za watu wakati kifuniko kinapotoka.

Jirani yetu wa upande wa shamba la mihogo alikuwa Mama Mutua. Yeye na mumewe walikuwa wamekuja kutoka Ukambani na watoto wao, wakafyeka pori, wakajenga. Mwanzoni alitupa taabu. Alisalimia mbio mbio, "Habari!" na kupita, na Bibi akawa anabaki mlangoni na salamu yake nzima mdomoni haijamalizika hata nusu. Lakini alikuwa mtu mwema, mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani, na taratibu akajifunza kusimama. Mwaka ule ninaousimulia, kulikuwa na harusi kubwa pale Bongwe, na wanawake wa mtaa walipochagua leso ya sare, ile ambayo wote huvaa siku ya sherehe, Mama Mutua naye aliletewa ya kwake. Ilikuwa ya zambarau yenye michoro ya korosho za manjano. Alikuwa hajawahi kupewa sare na mtu tangu afike pwani. Aliivaa harusini, akaivaa sokoni, akaivaa hata kanisani, na ilikuwa raha kumtazama.

Sasa nije kwa shangazi yangu Riziki, kwa sababu bila yeye hadithi hii ni ya sukari tupu. Riziki alikuwa mdogo wake baba, binti wa mwisho wa Bibi. Wenzake wote wa rika lake walikuwa wameshaolewa, na midomo ya watu ilikuwa imeanza. Yeye alikuwa amempenda Hamisi, fundi cherehani wa Ukunda, na Hamisi alikuwa amempenda yeye. Tulijua kwa sababu nyumbani kwetu hakukubaki nguo isiyokuwa na pindo jipya. Akimaliza za kwake alichukua za Bibi, akimaliza za Bibi alichukua mapazia. Baba alipoulizwa mbona shuka la kitanda linapelekwa kwa fundi na halijachanika, alitazama juu akasema hayo ni mambo ya wanawake.

Kikwazo kilikuwa mama yake Hamisi, Bi Mwanakombo wa Msambweni. Mama huyo alikuwa mjane, nyumba yake kubwa, ulimi wake mkubwa zaidi. Hamisi alikuwa mwanawe wa pekee na asingeoa bila ya ridhaa ya mama. Ilisemekana tayari alishamkataa binti mmoja wa Waa kwa sababu wali wake ulishikana. Hakusema neno, alinawa mikono tu akaomba njia. Ndipo ikaja habari kwamba Jumamosi atakuja kwetu pamoja na dada zake, kumtazama Riziki. Ilieleweka na wote: akinawa mikono na kuomba njia, Hamisi ataozwa kwingine, na shangazi yangu atabaki na mapazia yake yenye pindo.

Wiki ile Riziki hakula. Bibi alipika samaki na wali wa nazi, lakini kitamu cha baridi, sehemu ambayo mgeni huondoka nayo mdomoni, kiliachwa mikononi mwa mwari mwenyewe. Akaamua faluda. Alichemsha chaina grasi, zile nyuzi nyeupe kavu ambazo asili yake ni mwani wa baharini, akakoroga mpaka zikayeyuka zote. Akatia tui zito la kwanza, sukari, iliki aliyoitwanga yeye mwenyewe, akaepua, akanyunyiza maji ya mawaridi. Faluda nzuri ikiganda unaikata kwa kisu ikasimama wima huku inatikisika kidogo, na mdomoni haihitaji meno. Ni kitu chepesi kupika. Kigumu ni kukipika huku unamwaza mama mkwe.

Alfajiri ya Jumamosi alikwenda kisimani. Kile kitambaa chetu cha kijani alikiona kimechakaa, akaona haya kwamba siku kama ile iandamane na tambara. Basi akafanya jambo ambalo hakuna mwanamke mwenye akili timamu angelifanya: akachukua leso yake mpya ya sare, ile ya zambarau, akachana pembe, akaifunga juu ya kamba. Alijua hakuna mwingine angechana leso mpya. Akateremsha kopo, akasoma dua, akarudi nyumbani kuoga.

Na Mama Mutua naye, ambaye siku hiyohiyo alikuwa anatembelewa na kina mama wa kanisani kwake waliokuja kuombea nyumba, alifika kisimani baadaye kidogo na kopo lake. Aliwaza hayohayo. Alikuwa amepewa sare, naye alitaka hata kisima kijue. Leso ilikuwa kiunoni, mkasi uko mfukoni. Akakata pembe. Vile vitambaa vya zambarau vilikuwa vimepishana pande mbili za gogo, na hakuna aliyeona cha mwenziwe.

Wageni wetu walifika jua likiwa utosini. Bi Mwanakombo aliingia kwa hatua za polepole, buibui limenyooka, uso haujasema ndiyo wala la. Sisi watoto tulipanga mstari tukatoa shikamoo, akatuitikia mmoja mmoja kana kwamba anakagua maembe. Salamu peke yake zilichukua muda wa kuchemsha chungu: hali zenu, za watoto, za mashamba, za joto hili, alhamdulillahi, twashukuru. Wakala. Wali haukushikana. Bi Mwanakombo alikula vizuri, lakini kila baada ya tonge alikuwa akijipepea kwa ncha ya ukaya wake wa kichwani na kumtazama Riziki, na Riziki akawa anazidi kuinama.

"Riziki," akasema Bibi kwa sauti ya maji ya mtungini, "hebu tuletee tupoe."

Shangazi akaenda kisimani. Aliona kitambaa kimoja tu cha zambarau, kwa sababu Mama Mutua alikuwa ametangulia kuvuta cha kwanza alichokiona, naye akakivuta hicho bila wasiwasi wowote. Akaja na kopo linadondoka maji, akapiga magoti mbele ya Bi Mwanakombo. Yule mama akalishika kwa viganja viwili, akafumba macho kwa ule ubaridi, na kwa mara ya kwanza tangu aingie tuliona mabega yake yameshuka. Sisi nyuma ya pazia tukaminyana. Riziki akafungua mpira, akatoa nailoni, akabandua kifuniko.

Haikuwa faluda.

Ndani kulikuwa na kitu kizito cha rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, hakitikisiki, hakikatiki, na harufu iliyotoka haikuwa ya mawaridi. Ilikuwa ya uchachu, ya asali, na moshi kwa mbali. Bibi alilitazama kopo, akamtazama binti yake, akalitazama tena. Mkono wake ulikuwa umeshika visahani vya kioo vya kabatini.

Riziki aliujua ule moshi. Alikuwa amekaa jikoni kwa Mama Mutua mara nyingi akimwona akikisafisha kibuyu chake cha maziwa kwa kijinga cha moto. Alijua basi kwamba ni kitu cha halali na safi, na kwamba kopo lake mwenyewe limekwenda kwingine. Angeweza kulifunga akaomba radhi, akarudi kisimani, na wageni wakakaa na joto lao wakitazamana. Hakufanya hivyo. Alichukua upawa, akachota, akajaza visahani, akasema, "Bismillahi, karibuni," na sauti yake haikutikisika hata kidogo. Mpaka leo nashangaa aliitoa wapi.

Bi Mwanakombo akaonja. Akaonja tena. Kisha kijiko kikawa kinakwenda na kurudi bila kituo, na dada zake vilevile, na chumbani hakukusikika kitu isipokuwa vijiko kugonga kioo. Akamaliza, akasogeza kisahani mbele, maana yake ongeza. Akaongezewa. Akamaliza tena. Mimi nyuma ya pazia nilikuwa nashindwa kupumua, nusu kwa hofu na nusu kwa uchu.

"Mashaallah," akasema. "Kwa joto hili! Mwanangu, nimekula harusi za Msambweni zote na sijala hiki. Umekifanyaje?"

Bibi alimtolea Riziki macho. Mimi niliyasoma macho yale vizuri sana, kwa kuwa yalikuwa yameshanitolea mimi mara nyingi: sema ahsante mama, na ufunge mdomo. Na kweli, mtu angemlaumu nani? Kilichotakiwa kilikuwa pale, mdomoni mwa mama mkwe. Kilibaki kitu kidogo tu, kukubali.

"Mama, si changu," akasema shangazi. "Sikukitengeneza mimi, wala sijui kilivyotengenezwa. Hiki ni cha jirani yetu. Changu kiko kisimani, au kiko kwake. Tumechukuliana makopo. Uniwie radhi."

Bi Mwanakombo alikiweka kijiko. Akakishika kile kisahani akakigeuza huku na huku, kana kwamba jibu limeandikwa chini yake. Nami nikawa natazama tu birika la kunawia mikono, nikiomba mkono wake usilifuate.

Ndipo tukasikia kicheko kinakuja kutoka upande wa mihogo, na hodi ya mtu asiyengoja karibu.

"Hodi hapa! Mama! Mama, pole sana, mimi nimebeba ya kwenu!" Alikuwa Mama Mutua, kopo kichwani, sare yake ya zambarau kiunoni ikiwa haina pembe moja, na nyuma yake kina mama wa kanisani wanamfuata, wengine na Biblia zao kwapani. "Hii yenu inatingisika! Tumefungua kwa maombi, tukaona kitu nyeupe inatingisika, inanukia mawaridi. Sisi tukafikiria ni sabuni!"

"Sabuni?" akauliza Bibi.

"Huyu hapa alikuwa amekata kipande, anaitisha maji anawe mikono." Akamsukuma mbele mama mmoja mnene, ambaye alijifunika uso kwa viganja, na viganja vyenyewe bado vilikuwa vinang'aa tui. "Ndiyo mimi nikasema ngoja, hii harufu naijua, hii ni ya nyumba ya Mama."

Bi Mwanakombo alimtazama yule mama mnene. Akaitazama ile mikono. Kitu kikaanza kutikisika ndani ya buibui lake, kikapanda, kikafika shingoni, na akacheka. Alicheka mpaka ukaya ukamtoka kichwani, mpaka dada zake wakampiga mgongo, mpaka sisi tukatoka nyuma ya pazia bila kuitwa na hakuna aliyetufukuza. Mama mnene akacheka naye, akavilamba vidole vyake, akasema kama hii ni sabuni basi yeye leo ataoga mpaka ndani ya tumbo.

Wakaketishwa wote mikekani. Faluda ikakatwa, imesimama wima na kutikisika kama ipasavyo, isipokuwa ile pembe iliyokwenda kunawia mikono. Mama Mutua aliombwa aeleze maziwa yake, akaeleza bila kuficha chochote: unagandisha maziwa kibuyuni, unayaninginiza kwenye kitambaa usiku kucha maji yachuruzike, unayapiga kwa mwiko pamoja na asali na unga wa mabuyu, unaponda ndizi mbivu ndani yake, unapeleka penye baridi. Hakuna moto hata kidogo. Bi Mwanakombo alirudia kila hatua kwa sauti ya chini ili isimpotee. Kisha akala faluda ya Riziki, kipande kizima, taratibu, na wakati huu hakuna aliyethubutu kumwangalia usoni.

Alipomaliza alimwita Riziki akae karibu yake.

"Faluda yako nzuri," akamwambia. "Lakini nikwambie kweli, ya jirani yako imeizidi."

"Ndiyo, mama. Nami nimeionja sasa hivi. Imeizidi."

Yule mama akamgeukia Bibi. "Dada yangu, wapishi wamejaa kutoka hapa hadi Lungalunga. Mimi umri umekwenda. Nyumba yangu ina kabati, kabati lina funguo, na nimekuwa nikilala nazo chini ya mto kwa sababu sijamwona wa kumpa. Huyu niliyemsifia kitu kitamu namna ile akaniambia si changu, huyu nitampa. Mkinikubalia, wazee watakuja Ijumaa."

Bibi alijibu maneno yanayostahili, yale ya heshima na ya taratibu, kwamba atawauliza wenyewe, kwamba heri iko kwa Mwenyezi Mungu. Lakini mikono yake ilikuwa imemshika Mama Mutua na haikumwachia. Shangazi yangu yeye alisema anakwenda kuosha vyombo. Nilimfuata jikoni. Hakuosha chochote. Alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akalia na kucheka kwa pamoja, na akanipa kopo la Mama Mutua nikombe kilichobaki. Nilikomba mpaka bati likalia.

Aliolewa kabla ya mvua za masika. Harusini palikuwa na vitamu vyote viwili, sinia kwa sinia, na kina mama wa kanisani walikuja wakaila faluda kwa adabu, ila mmoja wao alikuwa kila akipewa kipande anauliza maji yako wapi, na watu wanaanguka kwa kicheko. Shangazi yuko Msambweni hadi leo, na Hamisi wake amezeeka naye, bado anampindia mapazia. Bi Mwanakombo alikaa naye miaka mingi, na nasikia funguo alizikabidhi wiki ya kwanza.

Sasa nyinyi wajukuu mnaonisoma kwenye simu zenu, friji mnayo, tena ile ndefu yenye kutoa vipande vya barafu mlangoni. Hongereni. Lakini nimewaona. Mnatazama video nzima ya mzungu anayeonyesha namna ya kugandisha embe, embe lenyewe limewaangukia uani mnalikanyaga. Mnatengeneza aiskrimu, mnaiweka kwenye glasi, mnaipiga picha kwa juu, mnaipiga kwa kando, mnatafuta mwanga, na mkija kuila imeshakuwa uji. Mimi nasema kwa mapenzi. Vitamu vyenu ni baridi kuliko vyetu, hilo halina ubishi. Kilichopungua ni kwamba siku hizi hakuna anayeweza kukosea akachukua kopo la mwenzake, kwa sababu kila kopo liko ndani ya friji yake, na friji iko nyuma ya mlango wake, na mlango uko nyuma ya geti lake.

Kaskazi hii iliyopita, joto lilipokuwa limetukaba hapa Ukunda ninapoishi sasa, nilitengeneza maziwa ya Mama Mutua, mengi kuliko ninavyoweza kula. Nikajaza bakuli, nikavaa leso yangu, nikaenda kugonga geti la jirani. Ni msichana wa kutoka bara, anafanya kazi katika hoteli moja ya Diani, namwona akitoka asubuhi na kurudi jioni akiwa na simu sikioni. Kidirisha cha getini kikafunguka kidogo.

"Hatujaorder kitu, madam," akasema. "Labda ni wale wa juu."

"Sijatumwa, mwanangu. Mimi ni jirani yako, wa ukuta huu. Nimekuletea kitu cha baridi."

Alinitazama, akalitazama bakuli, akanitazama tena. Nilisikia komeo linavutwa, kwanza la juu, halafu la chini. Akatoka nje na viatu vya nyumbani, akala palepale kijiko cha kwanza, akafumba macho, akaniita niingie kivulini. Tumepakana ukuta tangu mwaka juzi, na siku ile ndiyo tuliyoulizana majina.